Kiki Preston na sindano ya fedha

Wewe wa Kawangware unajua vile ukivuka tu barabara unajikuta Lavington. Upande huu kuna mabati, mama mboga, na wanabodaboda wanne wanang'ang'ania abiria mmoja. Upande ule kuna ua uliokatwa vizuri, geti nyeusi, na soja anayepiga miayo. Wewe wa Kibera nawe una mpaka wako: uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, ambao klabu yake ilianzishwa 1906. Siku nyingi tu unaweza kusimama juu kidogo, ukaona nyasi za kijani upande mmoja na mabati yenye kutu upande mwingine.

Nimeanza na hiyo mipaka kwa sababu mtu ninayetaka kukusimulia leo aliishi upande ule mwingine, enzi za mkoloni. Mwanamke, Mmarekani, mrembo, wa ukoo tajiri, na teja. Ndiyo, teja. Neno tunalomwita yule jamaa anayelala kando ya reli pale Laini Saba linamfaa na yeye, ingawa vitabu vya wazungu vimemtafutia maneno matamu zaidi. Anaitwa Kiki Preston.

Jina la kuzaliwa lilikuwa Alice Gwynne. Alizaliwa 1898 huko Marekani, katika ukoo uliounganishwa kwa ndoa na akina Vanderbilt, wale mabwanyenye waliochuma mali yao kwa meli na reli. Baba yake alifariki Kiki akiwa bado mdogo. Aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 21, ndoa ikavunjika, na 1925 akaolewa tena na Jerome Preston, jamaa wa benki ambaye marafiki walimwita Gerry. Hapo katikati alikuwa amezoea Paris ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ambao vijana wenye pesa walikuwa wanakesha kana kwamba wamelipwa kukesha. Kokeni, heroini na mofini vilikuwa vinazunguka kwenye sherehe zao. Kiki akavipenda vyote vitatu.

Mwaka 1926 yeye na Gerry wakahamia Kenya. Walijenga Mundui, nyumba kubwa kando ya Ziwa Naivasha, na jina hilo bado liko huko mpaka leo. Naivasha ya leo unaijua kwa maua ya Valentine na safari za Hell's Gate za kupiga picha. Ya wakati huo ilikuwa ardhi iliyonyang'anywa Wamaasai miaka kama ishirini tu nyuma, ikagawiwa walowezi, na walowezi wakaiona kama uwanja wa kuchezea.

Hawa ndio wale watu wa Happy Valley. Huenda umeshasikia habari zao kwa sababu ya Lord Erroll, aliyepigwa risasi garini huko Karen Januari 1941, kesi ambayo haikumpata mwenye hatia mpaka leo. Makao yao makuu yalikuwa bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua, lakini mtandao wao ulifika Naivasha, Nairobi na London. Pombe asubuhi, kubadilishana wake na waume usiku, na katikati madawa. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo usinitarajie nikupe nadharia ya ukoloni hapa. Ila hata bila digrii unaweza kuona ni watu waliokuwa na ardhi nyingi, kazi kidogo, na vibarua wa kufagia kila walichovunja.

Kiki alipata jina hata katika kundi hilo. Walimwita msichana mwenye sindano ya fedha. Fedha ile ya madini, kwa maana bomba la sindano yake lilikuwa la fedha na alilibeba popote. Lakini tazama vile Kiswahili kimecheza hapo: sindano ya fedha ni sindano ya pesa pia, na kwa huyu mama maana zote mbili zinashika. Wanaosimulia maisha yake wanakubaliana juu ya jambo moja lililowashangaza hata walevi wenzake, kwamba hakujificha. Angekuwa sebuleni na wageni, mazungumzo yanaendelea, na yeye anatoa sindano, anajidunga, anairudisha mahali pake, anaendelea na stori. Ikiisha huko Naivasha, inasemekana alituma ndege Nairobi kumletea nyingine.

Soma tena hiyo ya ndege. Miaka ya 1920, wakati ndege zenyewe nchini ni za kuhesabu kwa vidole, na Wilson Airways ya Florence Kerr Wilson, iliyokipa kiwanja chetu cha Wilson jina lake, ilianzishwa 1929 tu. Leo ndege za Wilson zinapita juu ya Kibera kila dakika chache na hakuna anayeinua kichwa. Wakati wa Kiki, ndege ilikuwa kitu cha kukimbilia nje kuona. Mtu mmoja akiitumia kama bodaboda ya kuleta mofini, ujue hakuwa na wasiwasi wa kuulizwa na mtu yeyote imebeba nini.

Aliyetajwa sana kama muuzaji wao ni Frank Greswolde-Williams, mlowezi kama wao. Kuna kisa ambacho waandishi wa historia ya walowezi hawachoki kukirudia: mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alipozuru Kenya 1928, Greswolde-Williams alitupwa nje ya klabu ya Muthaiga kwa kumpa kokeni kwenye chakula cha jioni. Adhabu ikawa hiyo: kutolewa nje ya klabu, kama mlevi aliyevunja glasi. Hakuna gari la polisi katika kisa hicho, hakuna hakimu.

Sasa hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ungeweza kudhani hakukuwa na sheria wakati ule. Ilikuwepo. Januari 1912 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, yakatia saini mkataba wa kwanza wa dunia wa kudhibiti afyuni, mofini na kokeni. Waingereza wakatunga sheria ya afyuni ya hapa kwetu mwaka 1913, ikaanza kufanya kazi 1914, na ndani yake bangi ikapigwa marufuku. Kwa hivyo Kiki alipofika 1926, marufuku ilikuwa na umri wa miaka 12. Mzee wa kijijini aliyevuta bangi yake jioni kama babu yake alivyovuta alikuwa mhalifu tayari.

Na si bangi peke yake. Mwafrika wa Nairobi wakati huo alitembea na kipande ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Pombe kali ya kizungu hakuruhusiwa kunywa. Akitaka kulewa kihalali, serikali ya mji ilimjengea baa Pumwani mapema miaka ya 1920, ikampikia pombe yenyewe, na faida ikaichukua yenyewe. Ukipika yako nyumbani, unakamatwa.

Kibera ndiyo ilijua hayo vizuri kuliko wengine. Kama umekulia Makina huhitaji kuambiwa: Wanubi, wanajeshi waliopigania jeshi la mkoloni la KAR, waliwekwa pale kuanzia miaka ya 1900, na 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Walipaita Kibra, yaani msitu. Pensheni haikuja. Wakina mama wa Kinubi wakaanza kupika jini, na ikawa ndiyo inayolipa karo na kuweka sufuria jikoni. Polisi wakawa wageni wa kila wiki. Maofisa wa mkoloni walipotafuta sababu za kutaka kuivunja Kibera yote na kuwahamisha watu wake, hiyo jini ilikuwa mojawapo ya sababu walizopenda kuzitaja. Tume ya Carter ya ardhi ikaja miaka ya 1930 ikasema Wanubi ni wapangaji wa hisani tu, wanaoweza kuondolewa serikali ikitaka. Hati ya ardhi ya jamii walikuja kuipata 2017.

Ukiweka hayo mambo mawili kwenye kalenda moja, ni miaka ile ile. Mama wa Kibera anamwaga jini yake kwenye mtaro kwa haraka kwa sababu mtoto amepiga mbinja kwamba askari wanakuja. Kilomita 90 hivi kutoka hapo, Kiki anavuta mkono wa nguo sebuleni. Mmoja anauza kinywaji ili ale. Mwingine anajidunga kitu ambacho dunia nzima ilishakubaliana ni hatari. Unajua ni nani aliyepelekwa kortini.

Lakini usifikiri nimekuletea Kiki ili tumchukie tu. Hiyo ni rahisi sana, na tungekosa sehemu ambayo inatuhusu zaidi.

Kiki alikuwa na rafiki wa kiume. Mwisho wa miaka ya 1920, katika safari zake za Uingereza, alikuwa karibu sana na Prince George, mwana wa nne wa Mfalme George wa Tano. Mdogo wake yule Edward wa kisa cha Muthaiga. George alikuwa kijana mzuri, mpiga piano, mpenda raha, na kupitia kwa Kiki akajikuta ameingia kwenye kokeni na mofini. (Kuna hadithi ya mtoto wa siri pia. Haijathibitishwa, na huo ni udaku, tuuache.) Kufikia 1929 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba familia haikuweza kujifanya haioni.

Edward ndiye aliyeshika usukani. Huyu Edward hajulikani kwa uwajibikaji: baadaye alikuja kuacha kiti cha ufalme 1936 kwa sababu ya mwanamke. Ila kwa mdogo wake alifanya kazi. Kwanza alihakikisha Kiki ameondoka Uingereza. Kisha akamchukua George, akamweka mahali patulivu mashambani, akaleta daktari na wauguzi, na yeye mwenyewe akawa anakaa naye, mwezi baada ya mwezi, mpaka akatulia.

Hakukuwa na dawa ya maana ya kumsaidia wakati huo. Ili uelewe alichopitia, ngoja nikueleze kidogo mofini inafanya nini, kwa sababu heroini inafanya vivyo hivyo. Ubongo wako una vipokezi vya kupunguza maumivu, na mwili hutengeneza kemikali zake kidogo kidogo za kuvigusa. Mofini inakuja na kuvijaza vyote kwa pamoja. Raha tele. Ukirudia kila siku mwili unazoea, unataka kipimo kikubwa zaidi, na kile chako cha kuzaliwa nacho kinazembea. Ukikosa sasa, unaingia kile mateja wanaita arosto: makamasi, jasho baridi, kuhara, mifupa inauma kama imepigwa na rungu, usingizi hakuna. Mtu akikuibia simu akiwa na arosto, hatafuti raha tena. Anatafuta kuwa sawa kwa masaa machache.

George alipita huko akiwa na kaka yake kando ya kitanda. Na kwa mujibu wa walioandika maisha yake, alipona. Mwaka 1934 alifanywa Duke wa Kent, akamwoa Marina, binti wa kifalme wa Ugiriki, wakapata watoto watatu. Alifanya kazi serikalini kama mkaguzi wa viwanda, mtu wa kwanza wa familia ya kifalme kuwa na kazi ya aina hiyo. Alikufa Agosti 25, 1942, katika ajali ya ndege huko Scotland akiwa kwenye kazi ya kijeshi. Kumi na tatu ni miaka mingi, msee. Ni ndoa, kazi, watoto watatu. Ndiyo miaka aliyopewa na kaka aliyekataa kumwacha.

Na Kiki je? Kiki alifukuzwa. Hapo ndipo mimi huwa namwonea huruma, na sioni aibu kusema. Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Mmoja akawekewa daktari, mwingine akaonyeshwa meli. Alionekana yeye ndiye ugonjwa wenyewe, kitu cha kutolewa nje ya nyumba ili mtoto wa mfalme apone. Ukitazama mtaani utaona mchezo huu bado tunaucheza. Kijana wa kiume akiingia kwenye unga, tunauliza ni nani alimpotosha, na mara nyingi tunataja msichana fulani. Kisha kijana anaombewa, msichana anatukanwa.

Akarudi kwenye maisha yake ya huku na kule. Gerry alikufa 1934. Sindano iliendelea. Pesa zilikuwepo, wa kumletea alikuwepo, na hakuna askari aliyembishia hodi. Kama uhuru ni kuachwa ufanye utakavyo, basi Kiki alikuwa mtu huru kuliko wote Kenya. Desemba 23, 1946, siku mbili kabla ya Krismasi, alijitoa uhai katika hoteli ya Stanhope, New York. Alikuwa na miaka 48.

Nimeyasoma maisha yake mara kadhaa nikitafuta mahali ambapo mtu alimkalisha chini akamsaidia kama George alivyosaidiwa. Sijapaona. Waliomzunguka walicheka, walimpa jina la utani, walimsimulia kwenye karamu. Hawakumfunga, sawa. Lakini hawakumtibu.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii na ana kaka au dada ambaye jina lake halitajwi tena mezani.

Mtaani hatuna sindano ya fedha. Tuna chupa ya gundi kwa watoi wa mtaani, tembe ambazo watu huziita bugizi, muguka, chang'aa, bangi, na kwa wachache, heroini, ile unga. Na tuna sheria. Ya 1994 ya kudhibiti mihadarati ilikuja na kifungo cha maisha kwa mlanguzi, na hata ukipatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe ungeweza kwenda miaka 10. Ilirekebishwa 2022. Chang'aa nayo ilipigwa marufuku 1980, ikahalalishwa 2010 chini ya masharti makali, na wewe ni shahidi wa vile masharti hayo yanafuatwa huko Gatwekera. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba sheria hiyo hiyo ya 1994 ina kipengele kinachomwezesha hakimu kumpeleka mraibu kwenye kituo cha matibabu. Kiko kwenye karatasi. Uliza vijana wa Congo au Gatina waliokamatwa ni wangapi walisomewa hicho.

Jamaa mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi alishikwa miaka michache iliyopita na unga wa kujaza kifuniko cha soda. Hakuwa akiuza, alikuwa akitumia. Korokoroni arosto ilimkuta usiku wa kwanza, na wenzake wa seli wakadhani ni kipindupindu, wakamsukuma kwenye kona ya ndoo. Hakuna aliyejua la kufanya. Mamake, ambaye huuza chapo na ndengu karibu na stage, alitoa doo ya akiba yote ili atoke. Alitoka asubuhi, na saa nane mchana alikuwa ameshatumia tena. Watu wakasema hana shukrani. Lakini ulitaka mwili wake ufanye nini? Ulikuwa kwenye arosto, na katika siku zote hizo hakuna aliyeigusa ile arosto yenyewe.

Dawa ipo, na hii sehemu ndiyo ningependa uikumbuke hata ukisahau majina ya wazungu. Inaitwa methadoni. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na 1964 madaktari wa New York wakaanza kuitumia kwa watu wa heroini. Inaenda kwenye vile vipokezi nilivyokueleza, lakini polepole, inakaa siku nzima, haileti ule mlipuko wa raha. Arosto inaondoka, mtu anaweza kuamka, akaoga, akaenda mjengo, akarudi. Unaimeza kila siku kliniki, mbele ya muuguzi, ili isiuzwe nje. Wengine huitumia miaka, na hilo linaudhi wanaotaka mtu apone kwa wiki mbili kama malaria. Kisukari nacho hakiponi kwa wiki mbili, na hatumwambii mgonjwa wa sukari hana msimamo.

Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014, miaka 50 baada ya New York, katika hospitali ya Mathari. Malindi ikafuata 2015, Mombasa na Kwale zikaja, Nairobi ikaongezewa Ngara. Kuna mama wa Pwani waliopoteza watoto wawili watatu kwa heroini kabla hiyo chupa haijafika.

Ila nisikudanganye. Methadoni ni ya unga na jamii yake tu. Haimsaidii mtoi wa gundi, wala wa tembe, wala mzee wa chang'aa. Kwa hao hakuna maji ya kumeza kila asubuhi. Kuna ushauri, kuna muda, kuna kulisha mtu na kumpa mahali pa kulala, na wakati mwingine daktari wa akili. Na mtu wa pombe au wa tembe aliyezoea sana asiambiwe aache ghafla peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kushikwa na kifafa na kufa. Apelekwe hospitali. Vituo vya kibinafsi vya kurekebisha mateja viko, lakini ada yake si ya mama wa chapo, na vingine ni nyumba tu yenye kufuli na kiboko, kwa hivyo kabla hujamwacha mtu wako mahali, uliza kama kimesajiliwa. NACADA wana simu isiyolipishwa, 1192, na hilo ni swali moja wanaloweza kukujibu.

Kuna kitu kuhusu Mathari sikuwa nimekiwazia mpaka nilipokuwa nafuatilia habari za Kiki. Hospitali ilianza 1910 kama nyumba ya kufungia wendawazimu. Wakati wa Kiki wodi zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, na Mwafrika alipata ile mbaya zaidi. Iko kando ya Thika Road. Ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, si mbali, ni Muthaiga, na klabu ambayo akina Kiki walinywea bado iko, imefanya kazi tangu mkesha wa Mwaka Mpya wa 1913.

Kutoka Kawangware ni matatu mbili: 46 mpaka tao, halafu yoyote ya Thika Road, na dereva umwambie mapema akushushe Mathari. Kutoka Kibera unaanza na 8. Kliniki ni ya asubuhi, kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu, kwa sababu arosto haijui Krismasi. Yule mwenzangu wa shule ya msingi sasa anaenda. Nauli ya kwenda anapewa na mamake, na ya kurudi anajitafutia kwa kubeba mizigo Muthurwa. Siku asiyopata mzigo anatembea.